Jina ni Letu, Daftari ni la Wengine

Katika orodha ambazo wanaastronomia wa dunia nzima huzitumia kutambulisha nyota, mna herufi moja ya Kiswahili. Ukikutana na jina kama 4U 1700-37 au 4U 1820-30, tarakimu za mwisho zaeleza mahali kitu hicho kilipo angani, ile 4 ya mwanzo ni toleo la nne la orodha, na U ni kifupisho cha neno uhuru. Toleo hilo la nne lilichapishwa mwaka 1978, nalo lina vyanzo 339 vya miale ya eksirei. Mwanafunzi wa fizikia wa Cambridge au Tokyo huiandika herufi hiyo bila kujua neno jingine lolote la lugha yetu. Mwanafunzi wetu anayekijua Kiswahili, kwa upande wake, aghalabu hajapata kuambiwa kwamba herufi hiyo ni yake. Sikushika kalamu leo ili kujivunia jina. Nimeishika kuuliza kwa nini tulibaki na jina, ilhali kazi ya kuziangalia nyota hizo mwaka nenda mwaka rudi ilibaki mikononi mwa wengine.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi ilirushwa na Waitalia kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Bi Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo katika shirika la NASA, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Mahali pale hapakuchaguliwa kwa sababu ya uzuri wa fukwe. Karibu na ikweta roketi husaidiwa na mzunguko wa dunia, na chombo kinachozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho unaovisumbua vyombo kule juu ya Atlantiki ya Kusini. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alitunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Kati ya vitu ambavyo Uhuru iliviangalia, mashuhuri zaidi ni kile kiitwacho Cygnus X-1. Kilikuwa kimejulikana tangu roketi za miaka ya 1960, lakini eksirei peke yake hazikuweza kuonyesha barabara ni nyota ipi, kati ya nyingi za eneo lile, iliyokuwa ikizitoa. Mwaka 1971 wataalamu wa redio, Hjellming na Wade nchini Marekani, na Braes na Miley nchini Uholanzi, kila kundi kwa darubini yake, waligundua nukta dhaifu ya mawimbi ya redio mahali ambapo hapo awali hapakuonekana kitu. Ndipo kumbukumbu za Uhuru zilipofunguliwa na kulinganishwa na za redio. Ikabainika kuwa katika miezi ya Machi na Aprili mwaka huo huo, eksirei hafifu za Cygnus X-1 zilikuwa zimepungua hadi kufikia kama robo ya kiasi chake cha awali. Eksirei zilipofifia, redio ilijitokeza. Hapo hapakuwa na shaka tena kwamba ni kitu kimoja, na kwa kuwa redio ilikuwa imeonyesha mahali penyewe kwa usahihi, nyota ikapatikana: jitu la buluu lenye nambari HDE 226868. Webster na Murdin nchini Uingereza, na Bolton nchini Kanada, wakaipima na kuona kuwa inayumba kila baada ya siku 5.6, ikizunguka na mwenzi asiyeonekana. Mwenzi huyo ndiye shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi walikuja kukubaliana juu yake. Vipimo vya redio vilivyotangazwa mwaka 2021 vinasema yuko umbali wa miaka-nuru 7,200 hivi, na uzito wake ni kama mara 21 ya uzito wa jua letu.

Naomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Haikuwa darubini moja iliyoshinda. Daftari mbili zililinganishwa, moja ya eksirei na moja ya redio, na kila moja ilikuwa na tarehe. Kama mojawapo isingekuwa na ukurasa wa Machi 1971, mabadiliko yale yangetupita.

Hivi karibuni nilizungumza na wanafunzi wa sekondari kule Githongo, upande wa Meru, juu ya lugha na sayansi. Nilipotaja redio ya nyota, kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, redio hiyo husema nini, na kwa lugha gani?" Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikumwona kuwa amekosea. Katika Kiswahili redio ni kitu kinachosema. Tumeipokea ikiwa sanduku lenye mtangazaji ndani. Hakuna aliyepata kumwambia kijana huyo, kwa lugha yoyote anayoimudu vizuri, kwamba redio ni aina ya mawimbi ya sumakuumeme, ndugu ya mwanga na ya eksirei, na kwamba sauti ya mtangazaji ni mzigo tu uliopakiwa juu ya mawimbi hayo. Nyota haipakii mzigo wa namna hiyo. Katika nyota kama Cygnus X-1, gesi ya nyota kubwa huvutwa na mwenzi mdogo mzito. Sehemu yake humezwa, na sehemu hutupwa nje kwa kasi inayokaribia ya nuru. Elektroni zilizomo katika mkondo huo hujipinda katika uga wa sumaku, na kwa kujipinda hutoa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yanapotufikia yamekuwa hafifu mno. Simu ya mkononi kama ile iliyokuwa mfukoni mwangu siku ile, lau ingepelekwa mwezini na kuwashwa, ingekuwa miongoni mwa vitu ving'aavyo zaidi katika anga ya redio.

Na hapa taaluma yangu inanidai neno. Kwa sayansi hii tuna istilahi chache, na baadhi ya tulizo nazo zinapotosha. Neno unajimu limebeba kwa karne nyingi ubashiri na ramli. Mwanafunzi akisikia kuwa fulani ni mnajimu, hutarajia kutabiriwa ndoa. Falaki ni neno zuri, ila katika masikio ya wengi limefungamana na kalenda na mwandamo wa mwezi. Kazi kubwa ilifanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini nyota hazikuwa hoja yake. Nyota mbili zinazozungukana, wengine huziita nyota pacha. Neno hilo halinipendezi, kwa kuwa pacha hufanana, na hizi mara nyingi hazifanani hata kidogo: moja jitu linalong'aa, nyingine mzoga wa nyota. Ningependelea nyota wenza. Wenza wanashiriki nyumba moja, wanavutana, na mmoja humnyonya mwingine. Wake wenza watanisamehe. Nyota ambayo nguvu zake hubadilika ningeiita nyota geugeu, kwa sababu Mswahili anajua tayari kuwa kigeugeu hahukumiwi kwa kuonwa siku moja.

Hilo la siku moja ndilo hasa ninalotaka kulieleza. Ipo nyota wenza nyingine geugeu, yenye jina lisilotamkika, LS I +61 303. Wakanada Gregory na Taylor walieleza redio yake mwaka 1978. Hulipuka kwa mawimbi ya redio kila baada ya siku 26.5, yaani kila mara mwenzi mdogo anapokamilisha safari yake ya kumzunguka mwenzake. Mtu angeweza kuipima kwa mwaka mmoja, akaiona milipuko 13 au 14, akaandika tasnifu na kwenda zake. Lakini waliobaki wakipima waliona kwamba milipuko hailingani: kwa miaka kadhaa huwa mikubwa, kisha hupungua, kisha hukua tena. Katika miaka ya 1990 darubini za Green Bank, Marekani, ziliipima takriban kila siku, mara kadhaa kwa siku. Mwaka 2002 Gregory alipoziunganisha kumbukumbu tangu 1977 hadi 2000, alithibitisha mzunguko wa pili, wa siku 1,667, yaani zaidi ya miaka minne na nusu. Mzunguko huo hauonekani kwa darubini yoyote, hata iwe kubwa kiasi gani, ila kwa kungoja. Na mwenzi yule mdogo ni nani? Jibu thabiti lilipatikana mwaka 2022, wakati darubini kuu ya FAST nchini China iliponasa mapigo yake: ni nyota ya nyutroni inayojizungusha mara tatu au nne kwa sekunde. Imechukua miaka 44 tangu ile makala ya kwanza.

Wazee wetu wa pwani wasingelishangaa. Wanasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo si usemi wa mtu aliyetazama mbingu usiku mmoja. Ni matokeo ya uchunguzi wa vizazi, uliotunzwa kichwani kwa kukosa karatasi, wa kundi moja la nyota na misimu ya kulima. Wala mkulima wa chai wa Githongo hahitaji mhadhiri wa kumfundisha. Hauhukumu mche kwa majani ya mwezi mmoja. Anazo risiti za kilo alizopeleka kituoni, na akizipanga za miaka kumi ataona miezi ya ukungu na baridi inavyorudi, ataona mwaka wa ukame, na pengine ataona kitu kinachobadilika polepole ambacho jirani asiyetunza risiti hawezi kukiona. Mimi mwenyewe katika isimu naishi kwa mali ya namna hiyo hiyo. Kanda moja ya mzee akizungumza Kimeru hainiambii lugha inaelekea wapi. Kanda za wazee, za watoto wao na za wajukuu ndizo huniambia.

Sasa tuitazame nchi yetu. Mwaka ule ule wa 1970 ulioipeleka Uhuru angani ndio uliofunguliwa kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot, katika Bonde la Ufa. Kwa miaka mingi madishi yake makubwa yalibeba simu na televisheni baina ya Kenya na ng'ambo, hadi nyaya za chini ya bahari zilipowasili mwaka 2009 na kazi hiyo kupungua. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoungana na Afrika Kusini katika mradi mkubwa wa darubini za redio uitwao SKA, na imekusudiwa kwamba dishi la Longonot ligeuzwe kuwa darubini. Jambo hili limezungumzwa kwa zaidi ya mwongo mmoja. Ghana ilikuwa na dishi la aina hiyo huko Kuntunse, nje ya Accra, lenye kipenyo cha mita 32. Ikaligeuza, na mwaka 2017 likazinduliwa. Hata Afrika Kusini haikuanza na fahari ya MeerKAT na madishi yake 64 yaliyozinduliwa mwaka 2018. Ilianza na dishi moja la mita 26 huko Hartebeesthoek, lililojengwa mwaka 1961 kwa ajili ya NASA kufuatilia vyombo vyake, kisha likaachwa katikati ya miaka ya 1970. Wenyeji walilichukua, wakaligeuza, na mojawapo ya kazi zake ikawa kuipima nyota wenza iitwayo Circinus X-1, ambayo hulipuka kila baada ya siku 16.6. Mwishoni mwa miaka ya 1970 milipuko yake ilikuwa mikubwa. Kisha ikafifia kwa miaka mingi, na katika miaka ya 2000 ikaanza kupata nguvu tena. Habari hiyo yote tunaijua kwa sababu dishi lile kuukuu halikukoma kutazama.

Nasema basi kwamba Longonot ipewe kazi ya namna hii, na iandikwe tangu siku ya kwanza kuwa ni kazi ya miaka thelathini. Mahali petu panatufaa kuliko wengi wanavyodhani. Circinus X-1 iko kusini sana, kiasi kwamba Cambridge haichomozi kamwe. Cygnus X-1 na mwenzake Cygnus X-3, walio kaskazini, wakitazamwa kutoka Hartebeesthoek hawapandi juu sana angani. Sisi tuliokalia ikweta tunaziona zote, zingine kaskazini na zingine kusini, kutoka uwanja mmoja. Tena mawimbi ya redio hupenya mawingu. Anayezijua Julai za Githongo, wakati mlima unapojifunika ukungu wiki nzima na jua likawa hadithi, ataelewa maana ya darubini isiyojali hali ya hewa wala mchana na usiku.

Sidai miujiza. Dishi moja pekee halitaona kila kitu. Cygnus X-1 ni hafifu mno kwake katika siku za kawaida. Lakini Cygnus X-3, iliyolipuka Septemba 1972 kwa nguvu zilizozidi mara mia zile za kawaida yake, na Circinus X-1 inapokuwa katika zama zake nzuri, na ile yenye mzunguko wa siku 1,667, zaweza kupimwa na dishi la kadiri hiyo, likilinganishwa kila mara na chanzo kingine kisichobadilika, kama muuzaji anavyoihakiki mizani yake kwa jiwe la kilo.

Kuna atakayeniuliza: nyota itamlipia nani karo? Swali hili ni la haki, na sipendi majibu ya harakaharaka yanayotolewa. Ni kweli kwamba mbinu mojawapo iliyowezesha intaneti isiyo na waya ilitokana na hesabu ambazo mhandisi John O'Sullivan wa Australia alizifanya akitafuta mawimbi ya redio ya mashimo meusi. Lakini nikilitegemea hilo nitakuwa nauza bahati nasibu. Jibu langu ni la karibu zaidi. Nchi ambayo haiwezi kuipima nyota kwa miaka thelathini bila kuruka mwezi, haitaweza pia kuupima mto, wala barafu ya Mlima Kenya inayoisha mbele ya macho yetu, wala lugha zinazofifia vinywani mwa watoto. Tunajua kuzindua. Wageni waalikwa huja, utepe hukatwa, picha hupigwa. Bajeti ya mwaka wa kumi na mbili, ya kumlipa fundi anayebadilisha kipokezi na karani anayetunza data, haina utepe, na ndiyo ambayo kwetu hufutwa kwanza. Hata Green Bank zile darubini zilifungwa mwaka 2000, kwa hiyo ugonjwa huu si wetu peke yetu. Ila wao walikuwa tayari wamejaza daftari.

Walimu hawana haja ya kuingojea Longonot. Juu ya mapaa ya Githongo, kama kwingineko, yapo madishi ya televisheni yaliyoachwa yakapata kutu. Dishi hilo, pamoja na kile kipimo kidogo cha mshale ambacho mafundi hukitumia kutafutia setilaiti, hutosha kunasa redio ya nyota moja: jua. Ligeuze dishi lielekee jua na mshale utapanda. Ligeuze pembeni na utashuka. Wenye televisheni za setilaiti wamekwisha kuliona jambo hili bila kulijua, maana kila mwaka, karibu na ikwinoksi za Machi na Septemba, kuna siku chache ambapo picha huvurugika kwa dakika kadhaa mchana, na fundi huitwa bure. Ni jua linalopita nyuma ya setilaiti na kuizidi nguvu. Wakanada wamekuwa wakipima redio ya jua kila siku tangu 1947, na katika vipimo vyao mzunguko wake wa miaka 11 hivi huonekana waziwazi.

Kwa vifaa vya shuleni mabadiliko hayo yatakuwa madogo, nayo yatataka uangalifu: saa ile ile, dishi lile lile, mshale uhakikishwe kwanza kwa kuelekezwa ardhini, na siku ya mawingu iandikwe kuwa ya mawingu. Likizo zitaleta shida, ila daima yupo mwanafunzi anayeishi karibu na shule. Istilahi ziandikwe kwa Kiswahili katika safu za daftari, tarehe upande wa kushoto, na jina la aliyepima upande wa kulia. Atakayeufungua ukurasa wa kwanza akiwa na umri wa miaka 14 atakuwa na 25 mzunguko mmoja ukitimia.